Kifaa kikitaja urefu, draiva ihakiki: shajara ya mradi

Draiva ninayoishughulikia ni ya kifaa cha kupimia kinachochomekwa kwa USB kwenye Linux. Iliandikwa na watu walewale walioandika programu dhibiti ya kifaa chenyewe, na hilo linaonekana kila mahali kwenye msimbo: draiva inakiamini kifaa kama ndugu wa tumbo moja. Kifaa kikisema baiti 400, draiva inasoma baiti 400. Kazi ya mradi ni kuiondoa imani hiyo bila kuvunja vifaa halali ambavyo tayari viko mikononi mwa watu. Naandika kila hatua inapokamilika, ili mwenye draiva ya namna hii aweze kuiga.

## 10 Februari 2026: kwa nini, na pa kuanzia

Hoja ya zamani ilikuwa kwamba anayechomeka kifaa ndiye mwenye mashine, kwa hiyo hakuna wa kumwogopa. CVE-2024-53104, namba ya udhaifu wa usalama uliosajiliwa hadharani, imeimaliza hoja hiyo. Kosa lilikuwa kwenye uvcvideo, draiva ya kamera za USB. Wakati wa kupiga hesabu ya ukubwa wa bafa (eneo la kumbukumbu la kupokelea data), fremu za aina ya UVC_VS_UNDEFINED hazikuhesabiwa. Wakati wa kuchambua, zikaandikwa humohumo. Lilikuwemo tangu toleo la 2.6.26 la mwaka 2008, likarekebishwa mwishoni mwa 2024. Februari 2025 Amnesty International ilieleza jinsi makosa ya USB, likiwemo hili, yalivyotumika kufungua simu ya Android ya mwanafunzi mwanaharakati nchini Serbia. Simu ilikuwa imefungwa; kilichohitajika ni kuichomeka kwenye kitu kinachojifanya kifaa cha kawaida.

Nilipita faili zote na kutia alama kila namba inayotoka kwa kifaa, iwe imepita le16_to_cpu au le32_to_cpu (vigeuzi vya mpangilio wa baiti), au ni baiti moja inayosomwa hivihivi. Kilichonyoosha kazi ni kutenganisha urefu wa aina tatu ambao msimbo wa zamani uliuchanganya. Kuna uliotengwa, yaani transfer_buffer_length. Kuna uliofika, yaani actual_length. Na kuna unaodaiwa, yaani namba iliyoandikwa ndani ya pakiti. Unaodaiwa usizidi uliofika, na uliofika usizidi uliotengwa. Sharti hilo la mwisho linasimamiwa na kidhibiti cha USB na kiini cha USB (msimbo wa pamoja wa USB) ndani ya kerneli, yaani moyo wa Linux. La kwanza ni la draiva peke yake, na hakuna mwingine atakayelisimamia.

## 14 Februari: maabara

Mashine pepe ya QEMU, kerneli iliyojengwa na KASAN (zana inayonasa usomaji na uandishi nje ya mipaka ya kumbukumbu), moduli ya dummy_hcd inayoigiza kidhibiti cha USB, na raw-gadget, iliyoingia Linux 5.7 mwaka 2020. Hii ya mwisho ndiyo inayoruhusu programu ya kawaida kujifanya kifaa na kujibu chochote. Hakuna kifaa halisi kinachohitajika. Gharama: KASAN ya kawaida hula sehemu moja ya nane ya kumbukumbu kwa ajili ya hesabu zake, na mashine inakuwa nzito. Niliwasha pia panic_on_warn, mpangilio unaoisimamisha kerneli kwa onyo lolote. Sababu itaonekana chini.

## 19 Februari: diskripta

Diskripta ni rekodi ambazo kifaa hujieleza nazo, na bLength ni urefu ulioandikwa mwanzoni mwa kila moja. Nilitarajia bLength ya sifuri iikwamishe draiva papo hapo kwenye kitanzi kisichoisha. Haikutokea. Kiini cha USB hupitia chenyewe diskripta zote za usanidi, na kikikuta bLength iliyo chini ya 2, au inayozidi baiti zilizobaki, hukata palepale na kuzitupa zinazofuata. Kwa hiyo kinachoifikia draiva kupitia altsetting->extra kinaweza kupitiwa diskripta baada ya diskripta bila kutoka nje ya mipaka.

Ulinzi huo unaishia hapo. Kiini hakijui kwamba diskripta yetu ya chaneli inapaswa kuwa na baiti 12. Nilituma yenye bLength ya 2, ikiwa ya mwisho kabisa kwenye usanidi, bila endipointi (njia ya data ya kifaa) yoyote nyuma yake. Draiva ikaielekezea pointa ya muundo wa baiti 12 na kusoma baiti 10 zisizo zake.

Tena kuna diskripta ya ziada ambayo draiva inaiomba yenyewe kwa ombi la udhibiti. Hiyo kiini hakiipitii kabisa. Hapo bLength ya sifuri ilifanya nilichotarajia: kitanzi hakikuisha, na baada ya muda kerneli ikalalamika kwamba prosesa imekwama. Sasa njia zote mbili zinapita kwenye kitanzi kimoja:

```
while (baki >= 2) {
	u8 urefu = p[0];

	if (urefu < 2 || urefu > baki)
		return -EINVAL;
	if (p[1] == AINA_YA_CHANELI) {
		if (urefu < sizeof(struct diskripta_chaneli))
			return -EINVAL;
		if (k->idadi >= k->nafasi)
			return -EINVAL;
		soma_chaneli(k, p);
	}
	p += urefu;
	baki -= urefu;
}
```

Ukaguzi wa k->idadi uliongezwa baadaye kidogo. Safu ya chaneli ilikuwa na nafasi 8 kwa sababu kifaa kina chaneli 8. Nikatuma diskripta 9, KASAN ikaandika slab-out-of-bounds. Safari hii halikuwa kosa la kusoma bali la kuandika nje ya bafa, yaani ukoo uleule wa kosa la uvcvideo: anayetenga na anayejaza hawatumii hesabu moja. Hata endipointi zilikuwa zinachukuliwa kwa nafasi, ya kwanza na ya pili, bila kuuliza kama zipo. usb_find_common_endpoints imeziba hilo kwa mstari mmoja.

## 25 Februari: majibu mafupi

usb_control_msg hurudisha idadi ya baiti zilizosafiri. Draiva ilikuwa inauliza tu kama namba hiyo iko chini ya sifuri. Kifaa kikiombwa baiti 8 kikatoa 3, kwa USB hilo si kosa. Ni uhamisho mfupi, na ni halali. Zile 5 za mwisho zinabaki na chochote kilichokuwa kwenye bafa, na draiva ilikuwa inazipeleka hadi sysfs (faili ambamo kerneli huonyesha taarifa za vifaa), mbele ya macho ya mtumiaji yeyote.

Dawa ni usb_control_msg_recv, iliyopo tangu Linux 5.10. Ama unapata baiti zote ulizoomba, ama unapata kosa. Tena inajitengea yenyewe bafa inayofaa kwa DMA (vifaa kufikia kumbukumbu moja kwa moja), hivyo unaweza kuipa kigeu kilicho kwenye staki (kumbukumbu ya muda ya fanksheni), jambo ambalo ni marufuku kwa usb_control_msg. Sehemu nyingi zilibadilishwa hivyo na mistari ikapungua.

Ndipo vifaa halali vikaanza kukataliwa. Toleo la zamani la programu dhibiti hujibu ombi la taarifa za kifaa kwa baiti 6. Lililofuata likaongeza 2. Muda wote huo draiva ilikuwa inasoma 8 kwa wote, na kwa vifaa vya zamani zile mbili za mwisho zilikuwa takataka ambazo hakuna aliyezitazama. Kwa ombi hilo moja nimerudisha usb_control_msg: urefu unaokubalika ni 6 au 8, mwingine wowote ni kosa, na zikija 6 zinazobaki zinawekwa sifuri. Anayeiga aanze na hili: kabla ya kukaza ukaguzi wowote, rekodi kwa usbmon (zana ya Linux ya kunasa mawasiliano ya USB) majibu ya kila toleo la programu dhibiti unaloweza kulipata. Rekodi hizo sasa ni sehemu ya majaribio, na kiraka kinachokataa mojawapo hakipiti.

## 6 Machi: kujumlisha kunakozunguka

Kila pakiti ya data ina kichwa cha baiti 16: alama ya baiti 4, idadi ya rekodi na ukubwa wa kila rekodi zenye baiti 2 kila moja, kisha mwanzo wa data na urefu wake, baiti 4 kila mmoja. Ukaguzi wa kwanza ulikuwa huu:

```
if (mwanzo + urefu > kilichofika)
	return -EINVAL;
```

Unasomeka vizuri, nao hauzuii lolote. Vyote ni u32, yaani namba za biti 32 zisizo na hasi. Kifaa kikitoa mwanzo wa 0xFFFFFFF0 na urefu wa 0x20, jumla inazunguka na kuwa 0x10, yaani 16. Pakiti ya baiti 16 inapita, na draiva inakwenda kusoma karibu GiB 4 mbele ya bafa. CVE-2023-23559 kwenye rndis_wlan, draiva ya Wi-Fi ya USB, ni kufurika kwa namba kwa namna hii hii. Dawa ni kutoa badala ya kujumlisha, baada ya kuhakikisha kwamba kutoa hakuwezi kushuka chini ya sifuri:

```
if (kilichofika < sizeof(struct kichwa))
	return -EINVAL;
if (mwanzo < sizeof(struct kichwa) || mwanzo > kilichofika)
	return -EINVAL;
if (urefu > kilichofika - mwanzo)
	return -EINVAL;
```

Kuzidisha kuna mtego wake. Idadi na ukubwa ni u16, na kwenye C hugeuzwa kuwa int kabla ya kuzidishwa. 65535 mara 65535 ni 4294836225, namba isiyoenea kwenye int ya biti 32, kwa hiyo inakuwa hasi. Msimbo wa zamani ulikuwa umehifadhi actual_length kwenye int, na namba hasi siku zote ni ndogo kuliko chanya, hivyo ukaguzi ukapita. Sasa kila urefu ni size_t tangu unapoingia, na kuzidisha kunafanywa na check_mul_overflow. Ukubwa wa rekodi nao una sakafu: ukiwa sifuri kitanzi hakisogei, na ukiwa 1 rekodi zinapandana na ya mwisho inatoka nje. Lazima ufikie angalau sizeof ya rekodi.

Palikuwa na swali la kubana au kukataa: pakiti ikidai 900 na zimefika 600, tusome 600? Nimechagua kukataa. Ukibana, unajenga pakiti ambayo hakuna aliyeituma, na msimbo wa mbele unaendelea kuamini idadi ya rekodi iliyomo ndani yake. Kubana kwenyewe kulikuwa na kasoro: min_t ilitumika na u8, hivyo urefu wa 300 ulikatwa ukawa 44 kabla hata ya kulinganishwa. Hakuna kumbukumbu iliyoharibika, lakini vipimo vilikuwa vinapotea kimyakimya.

## 17 Machi: baiti za pakiti iliyopita

Hatua hii ndiyo iliyonibadilisha mawazo kuhusu kazi yote.

Baada ya viraka vya 6 Machi, KASAN ilikuwa kimya hata nirushe nini. Lakini kwenye matokeo ya jaribio moja kulikuwa na alama ya muda isiyoeleweka. Muda ni namba ya biti 64, inayokaa baiti ya 16 hadi ya 23. Nilikuwa nimetuma pakiti ya baiti 20 tu. Nusu ya chini ya muda ilikuwa ile niliyotuma, na nusu ya juu ilikuwa ya pakiti iliyotangulia, herufi kwa herufi.

Maelezo ni mepesi. Bafa ina baiti 4096 na hutumika tena kwa kila URB (ombi moja la kuhamisha data ya USB). KASAN inalinda mipaka ya kilichotengwa, na baiti ya 23 iko ndani ya mipaka hiyo. Haijui lolote kuhusu actual_length. Fanksheni ya kuchambua muda ilikuwa inaitwa kabla ya ukaguzi wa urefu, kwa hiyo ikasoma kilichoachwa na pakiti ya jana. Kama kati ya pakiti hizo mbili kifaa kimefungwa na mtumiaji mmoja kikafunguliwa na mwingine, vipimo vya wa kwanza vinamfikia wa pili.

Nikajenga kerneli nyingine yenye KMSAN, iliyoingia Linux 6.1 na inayofuatilia baiti zisizowahi kuandikwa. Inahitaji Clang na prosesa ya x86-64 au s390, na haikai pamoja na KASAN, kwa hiyo sasa kuna kerneli mbili za kujenga na majaribio yanakwenda mara mbili. Nayo ikawa kimya. Kwa mtazamo wake baiti zile zimeandikwa, tena ziliandikwa vizuri kabisa, na pakiti iliyopita. Hapa ndipo mtu anapoweza kuridhika mapema: zana mbili nzuri zimesema salama, na draiva inavuja.

Kilichofanya kazi ni kuiambia KMSAN ukweli ambao draiva inaujua. Kwenye ujenzi wa majaribio, mara tu URB inapokamilika, kila kilicho nyuma ya actual_length kinatangazwa kuwa hakijaandikwa:

```
kmsan_poison_memory(bafa + kilichofika,
		    UKUBWA_WA_BAFA - kilichofika, GFP_ATOMIC);
```

GFP_ATOMIC kwa sababu tuko ndani ya fanksheni ya kukamilisha, ambapo hakuna kulala. Baada ya mstari huo KMSAN ilianza kuripoti, na haikuishia kwenye muda. Njia ya ujumbe wa hali ya betri ilikuwa na kosa lilelile. Asiyeweza kujenga kwa KMSAN ajaze sehemu hiyohiyo kwa memset ya 0xA5, kisha atafute A5A5A5A5 kwenye matokeo. Ni njia ya kimaskini na inanasa mengi.

Wapo watakaosema kzalloc, inayotenga kumbukumbu iliyojazwa sifuri, inatosha. CVE-2024-50302 kwenye kiini cha HID (kibodi, panya na kadhalika) ilirekebishwa kwa kuisafisha bafa ya ripoti inapotengwa, na kwa kosa lile ilikuwa sawa, kwani kilichokuwa kinavuja ni kumbukumbu ya kerneli. Lakini kuisafisha wakati wa kuitenga hakusaidii bafa inayotumika tena. Uchafu wetu unaingia baadaye.

Tiba yenyewe ilikuwa kubwa kuliko viraka vyote vilivyotangulia. Hakuna fanksheni ya uchambuzi inayopewa bafa tupu tena. Zote zinapewa muundo mdogo wenye pointa na baiti zilizobaki, unaoanza na actual_length, na kila usomaji unapita kwenye soma_u16, soma_u32 au soma_u64, ambazo hukataa baiti zikipungua. Kiraka kiligusa karibu kila fanksheni, na kukipitia kulichosha. Kasi ya kusoma vipimo haikuonyesha tofauti. Nimeona pia faida ambayo sikuitafuta: mtu anayeongeza aina mpya ya ujumbe hana njia ya kusahau ukaguzi, maana hana pa kuipata pointa ghafi.

## 24 Machi: WARN_ON na logi

Viraka vya awali viliweka WARN_ON, onyo la kerneli, penye ukaguzi unaoshindwa. Ndiyo sababu ya panic_on_warn kule mwanzo: mashine zenye mpangilio huo zipo nyingi, na kwao WARN_ON inayoweza kuamshwa na kifaa ni kitufe cha kuzima kerneli kilichoachwa nje. WARN_ON ni ya mambo ambayo hayawezekani isipokuwa sisi wenyewe tumekosea. Pakiti mbovu inawezekana kila siku. Zote zimeondolewa, zikawekwa dev_warn_ratelimited pamoja na kaunta, kwa sababu dev_err ya kawaida kwa kila pakiti ilijaza logi mpaka ujumbe mwingine wote ukapotea.

## 2 Aprili: toleo la PCI

Kifaa hiki kina toleo la kadi ya PCI, na draiva yake inashiriki kichambuzi hicho. Hapa kuna hatari ambayo USB haikuwa nayo. Kwenye USB, URB ikishakamilika kifaa hakiigusi tena bafa. Kwenye PCI, diskripta za pete (orodha ya mzunguko ya bafa) ziko kwenye kumbukumbu ya DMA ambayo kifaa kinaweza kuiandika wakati wowote, hata kati ya mstari unaokagua na mstari unaotumia. Msimbo ulikuwa unakagua d->urefu kisha unampa memcpy d->urefu ileile. Hizo ni safari mbili za kumbukumbu, na jibu la pili si lazima lifanane na la kwanza. Hata ukiweka kigeu cha kawaida katikati, kompaila ina ruhusa ya kurudi kusoma tena.

```
u32 urefu = le32_to_cpu(READ_ONCE(d->urefu));

if (urefu > bafa_zetu[i].ukubwa)
	return -EIO;
```

Tazama kinacholinganishwa upande wa kulia. Zamani ukubwa wa bafa ulisomwa kutoka kwenye diskripta yenyewe, mahali ambapo kifaa kinaweza kuubadili. Sasa draiva inatunza nakala yake binafsi. Draiva za virtio (vifaa pepe vya mashine pepe) zimepita njia hii pia, tangu watu walipoanza kuendesha mashine pepe ambazo hazimwamini hata anayeziendesha.

Fahirisi i nayo hutoka kwa kifaa. Inakaguliwa dhidi ya ukubwa wa pete, inapitishwa kwenye array_index_nospec (kinga dhidi ya prosesa kusoma kwa kubahatisha nje ya safu), kisha tunahakikisha bafa hiyo kweli tuliitoa na bado haijarudi. Bila hilo la mwisho, kifaa kinachorudisha namba moja mara mbili kinaifanya draiva iiachie bafa moja mara mbili. IOMMU, inayozuia kifaa kugusa kumbukumbu kisichoruhusiwa, inasaidia, lakini ulinzi wake ni wa ukurasa mzima, baiti 4096 kwenye mashine nyingi. Bafa ndogo inayokaa ukurasa mmoja na data nyingine haiwekei jirani yake ukuta wowote.

## 11 Aprili: kichambuzi kimetoka nje

Kwa kuwa kichambuzi sasa hakihitaji chochote cha kerneli zaidi ya pointa na urefu, kimehamishiwa kwenye faili yake na kinajengwa pia kama programu ya kawaida, pamoja na libFuzzer (hurusha data za kubahatisha) na AddressSanitizer (kama KASAN, ila nje ya kerneli). Kinachochukua muda mrefu ndani ya mashine pepe hapa kinakwisha haraka, na zile rekodi za usbmon ndizo mbegu. Imepata jambo moja tu: ujumbe unaoweza kubeba ujumbe ndani yake bila kikomo, hatari kwa staki ya kerneli ambayo ni ndogo. Kina sasa hakizidi 4, kwa kuwa vifaa vyetu havijawahi kupita 2. cdc_ncm, draiva ya mtandao wa USB, ina kinga ya jinsi hiyo: mnyororo wa majedwali ya NDP hufuatwa si zaidi ya mara 50, ili jedwali linalojielekeza lenyewe lisiizungushe draiva milele.

Bado haijaguswa njia ya isokronasi (data inayotiririka kwa vipindi maalumu). Huko URB moja hubeba pakiti nyingi, na kila iso_frame_desc ina actual_length yake na status yake, kwa hiyo jumla ya URB haifai kuaminiwa kwa pakiti yoyote moja. Kazi inaendelea hapo: kwanza mstari wa kmsan_poison_memory kwa kila pakiti, ndipo viraka.